Mufwankolo: Mchezo wa Kuchekesha na Kiswahili cha Lubumbashi

Utangulizi

Historia ya Kiswahili katika Kongo ya mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata nyayo za wafanyabiashara, wamisionari na watawala wa kikoloni. Wachekeshaji hawakupewa nafasi yao. Sababu haifichiki: lugha yao ni ya mtaani, na wasomi wengi wameihesabu kuwa ni Kiswahili kilichoharibika. Hata hivyo, kwa miaka mingi wachekeshaji ndio waliowakutanisha wakazi wa Lubumbashi mbele ya redio na televisheni, wakayazungumzia mambo yao kwa lugha yao. Mfano bora ni kundi la Mufwankolo, lililochukua jina la jukwaani la kiongozi wake, Odilon Kyembe Kaswili.

Mji na lugha yake

Mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini. Migodi ya shaba iliwavuta watu wa Katanga yenyewe, wa Kasai, wa Rhodesia ya Kaskazini na wa Ruanda-Urundi. Walio wengi hawakunyonya Kiswahili kwa mama zao. Walikikuta kazini na kambini, wakakifanya chao. Ndiyo maana kikapata sura ya pekee. Mwenye kusema “batoto” mahali pa “watoto”, au “katoto” kwa mtoto mdogo, hababaiki: anafuata kanuni ya ngeli ambayo Kibemba na Kiluba zinaifahamu vema. Maneno ya Kifaransa nayo yaliingia pamoja na kazi, shule na ofisi.

Sanaa ya mji huo haikutenga wimbo na kichekesho. Katika mtaa wa Kenya kulikuwako kundi la Jecoke, ambalo jina lake ni mkato wa maneno ya Kifaransa yenye maana ya “vijana wachekeshaji wa Kenya”. Humo alipitia mwimbaji Édouard Masengo, aliyekwenda baadaye Nairobi na kupata sifa kubwa kwa gitaa lake. Kundi la Mufwankolo lilikua katika mji uliokwisha kuzoea kwamba anayechekesha anaweza pia kufundisha.

Mchezo usioandikwa

Jambo la kwanza linalomshangaza mtafiti ni kwamba michezo ya kundi hili haikuandikwa. Waigizaji, wanaume kwa wanawake, walikaa pamoja, wakachagua jambo la kuzungumziwa, wakaligawa katika maonyesho, kisha wakagawana nafasi. Maneno yenyewe yalizaliwa kinywani mwa kila mmoja wakati wa kuigiza. Kwa hiyo mchekeshaji alikuwa mwigizaji na mtunzi kwa pamoja, na ustadi wake ulipimwa kwa wepesi wa ulimi.

Kazi hiyo ilipata shahidi mwaka 1986. Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia, alirudi Lubumbashi, wakati ambapo nchi iliitwa Zaire na Katanga iliitwa Shaba. Alipoandaliwa kuku, alielezwa kwamba firigisi huliwa nzima na yule anayepewa heshima, wala haigawanywi; ndipo akaambiwa kwa Kifaransa msemo wenye maana kwamba mamlaka huliwa mazima. Aliwauliza waigizaji maana yake. Badala ya kumjibu kwa maelezo tu, waliufanya msemo huo kuwa mchezo, wakauigiza katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi, ili uonyeshwe katika televisheni. Fabian alinasa sauti za majadiliano na mazoezi yao, na mwaka 1990 akachapisha maneno yao ya Kiswahili pamoja na tafsiri katika kitabu kiitwacho Power and Performance.

Msemo huo haukuwa mwepesi. Chama kilikuwa kimoja, na rais alikuwa Mobutu. Kuuliza hadharani kama mamlaka yaweza kugawanywa lilikuwa jambo la kutaka busara. Waigizaji waliliweka swali katika kijiji, kwa sultani na watu wake. Mtazamaji alicheka, lakini hakuzuiwa kufikiri zaidi ya kijiji.

Hitimisho

Mambo mawili yanadhihirika. Kwanza, Kiswahili kilichodharauliwa kiliweza kubeba mjadala mzito juu ya utawala, na hakikuazima msamiati wa vitabu ili kufanya hivyo. Pili, tunayo maneno ya mchezo ule kwa sababu tu palikuwapo mtu mwenye chombo cha kunasia sauti. Sanaa isiyoandikwa hufa na wenyewe isipohifadhiwa.

Somo hilo halihusu Lubumbashi peke yake. Huko Misisi, katika Fizi, dhahabu imefanya kile ambacho shaba ilifanya Katanga: imewakusanya watu wa lugha mbalimbali, nao hununua, hugombana na hutaniana kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa isimu anayetoka Baraka au Misisi hujifunza mapema kusahihisha lugha ya kwao. Kabla ya kuisahihisha, na aisikilize na kuinasa, hasa pale watu wanapocheka. Kwa maana mzaha hauwezi kutungwa na mtu asiyeimiliki lugha yake.