Kamba ya Uani: Sodo na Muwasho wa Mwezini katika Historia ya Kariakoo

Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utendi wake mashuhuri mwaka 1858, alimuusia mengi: dini, adabu ya ulimi, heshima kwa mume, usafi wa nyumba na manukato ya mwili. Wapokezi wa habari zake husimulia kwamba alitunga akiwa mgonjwa, na kwamba maradhi yaliyomwondoa duniani yalikuwa ya kutokwa na damu ya uzazi. Hata hivyo, wosia wake hauzungumzii siku za mwezini. Wala tusimlaumu. Mambo hayo hayakuwa ya kuandikwa karatasini. Yalikuwa amana ya somo na kungwi, yakisemwa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa.

Makala hii inaifuata amana hiyo hadi katika mji mmoja na mtaa mmoja, Kariakoo ya Dar es Salaam, ili kuuliza swali ambalo mama zetu wengi waliliuliza kimoyomoyo. Kwa nini muwasho na michubuko ile ile irudi kila mwezi, hata kwa mwanamke anayejitunza? Jibu la kwanza, bila shaka, limo mwilini. Lakini sehemu yake kubwa imo uani: katika maji, katika sabuni, na katika kamba ya kuanikia nguo.

Wasomaji wa visiwani wanaujua mwanzo wa mji huo. Ni Sultani Majid bin Said aliyeanza kuujenga katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, na ni Wajerumani walioufanya makao ya serikali yao mwaka 1891. Kariakoo ilipata jina lake katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliweka hapo kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na ulimi wa wenyeji ukalilainisha jina hilo likawa Kariakoo. Baada ya vita mji uligawanywa kwa rangi: Wazungu ufukweni, maduka ya Wahindi katikati, na Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, katika mitaa iliyonyooka ya Kariakoo na baadaye Ilala.

Vita hivyo hivyo viliacha urithi mwingine mbali na hapa. Bandeji za nyuzi za miti zilizofungiwa majeruhi ziligeuzwa kuwa bidhaa ya wanawake, na mwaka 1920 kampuni ya Kimberly-Clark ya Marekani ikaanza kuuza sodo za kutupa kwa jina la Kotex. Basi vita vilivyoipa Kariakoo jina ndivyo vilivyoizaa sodo ya dukani. Lakini kwa miongo mingi mwanamke wa Kariakoo aliendelea kutumia kile alichotumia bibi yake, kipande cha kanga kuukuu.

Kanga ina umri wake kama binadamu. Hununuliwa doti moja, mpya na yenye wanga, katika maduka ya mtaa ulioitwa Uhuru baada ya mwaka 1961. Huvaliwa harusini na msibani. Ikichakaa huwa mbeleko, na ikilainika zaidi hukatwa vipande na kukunjwa. Hapo huingia katika siri ya mwenyewe na haionekani tena na watu.

Siri hiyo ilikuwa na mwalimu wake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903, anatuonyesha jinsi unyago ulivyoheshimiwa pwani. Kwa Wazaramo, wenyeji wa nchi inayoizunguka Dar es Salaam, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, mbali na macho ya watu. Huko Unguja mafunzo ya namna hiyo yalipata sauti kubwa kwa Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Mwali alifundishwa kukunja kitambaa, kujifunga, kuoga, na kujua siku za kuacha sala na siku ya josho. Juu ya yote alifundishwa sharti moja: nguo ile asiione mwanamume, wala mtoto, wala mgeni.

Shambani sharti hilo halikuwa zito sana. Nyuma ya nyumba palikuwa na migomba, na kati ya migomba palikuwa na jua. Mjini mambo yalikuwa mengine. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ina vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, ukumbi katikati, na ua nyuma wenye jiko, choo na bafu. Kila chumba kina mpangaji wake, na ua ni wa wote. Mzaramo, Mmanyema, Mndengereko na Mngazija walipanga foleni mlango mmoja wa bafu, na kamba ya kuanikia ilipita mbele ya macho ya kila mtu.

Mwali aliyekuja mjini na sharti lake la siri afanye nini? Alifua usiku au alfajiri kwa maji kidogo. Alianika chini ya kitanda, nyuma ya mlango, au uani chini ya kanga nyingine nzito. Asubuhi ya pili kitambaa kilikuwa bado na unyevu, naye akakivaa hivyo hivyo. Heshima ilihifadhika, lakini ngozi iliumia. Tena alipojikuna hakuwa na wa kumwambia, kwa kuwa muwasho wa mahali hapo huwafanya watu wadhani uchafu au, vibaya zaidi, uhuni.

Maji nayo yalikuwa na historia yake. Jengo la soko la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lina paa la miavuli ya zege iliyokusudiwa kukinga mvua na kuipeleka kwenye matangi ya chini ya ardhi. Pembezoni mwa paa hilo, wenye vyumba walinunua maji kwa dumu kutoka kwa wasukuma mikokoteni. Mwaka 2003 huduma ya maji ya jiji ilikabidhiwa kampuni binafsi, City Water. Mwaka 2005 Serikali ikavunja mkataba. Nani atasuuza kitambaa mara tatu ikiwa kila dumu lina bei?

Miaka iliyobanwa zaidi ilikuwa ya mwanzoni mwa 1980, baada ya Vita vya Kagera. Kiwanda cha Urafiki kilikuwapo tangu mwaka 1968, lakini kanga, sabuni na sukari viliadimika madukani, na mwaka 1983 Serikali ikaanzisha msako dhidi ya wahujumu uchumi. Historia za miaka ile hutaja foleni za unga. Mara chache hutaja kwamba sabuni ilipokosekana ilikosekana pia kwa shughuli hii, na kwamba doti mpya isipopatikana, kuukuu haikatwi. Masharti ya biashara yalipolegezwa kuanzia mwaka 1984, shehena za nje zilirudi Kariakoo, na miaka iliyofuata ikaleta sodo za pakiti, kwa aliyekuwa na fedha.

Sasa tuurudie mwili. Uke wenye afya una ukali wa asili, mfano wa ndimu iliyozimuliwa, unaolindwa na bakteria wema. Damu ya hedhi haina ukali huo, na kwa siku chache huupunguza. Ndiyo maana wengine hupata harufu na majimaji yasiyo ya kawaida mara wamalizapo siku zao. Fangasi aina ya kandida nao wana majira yao: kwa wanawake wengi muwasho wao huzidi katika juma linalotangulia damu. Mzunguko huo ni wa maumbile, si ushahidi wa mwenendo wa mtu. Bahati mbaya, tiba za vichochoroni, yaani shabu, maji ya ndimu na sabuni ya kuoshea ndani, huwaua bakteria wema na kumrudisha mgonjwa pale pale mwezi unaofuata.

Na ile kamba? Mwaka 2018 watafiti waliochunguza wanawake wa jimbo la Odisha, India, walichapisha matokeo yao. Miongoni mwa waliotumia vitambaa vya kufua, kandida ilionekana zaidi kwa wale walioanika ndani ya nyumba na waliovificha vitambaa chooni. Bahari ya Hindi imetuunganisha kwa kanga, pilau na udi. Kumbe imetuunganisha pia kwa kitambaa kilichokosa jua.

Ajabu ni kwamba wanawake wa mitaa hii hawakuwa watu wa kunyamaza. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa lelemama, aliwaita wenzake wa vikundi vya ngoma, na katika miezi michache maelfu wakawa wanachama wa TANU. Njia zilizozoea kupitisha habari za harusi na unyago zilipitisha kadi za chama. Nchi ikapata uhuru. Kamba ya uani ikabaki jambo la kunong'onezwa.

Ilichukua zaidi ya nusu karne mnong'ono huo kufika Bungeni. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika sodo mwaka 2004. Tanzania iliiondoa katika bajeti ya mwaka 2018, kisha ikairudisha mwaka 2019 kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka. Wapo waliosikitika, na wana haki. Lakini jambo ambalo kungwi alikataza lisemwe mbele ya mwanamume lilikwisha kujadiliwa na mawaziri na wabunge, na likaandikwa katika kumbukumbu rasmi.

Hatusemi haya kumdharau somo. Alimpa mwali kitu ambacho pakiti ya dukani haina: mtu wa kumuuliza. Wosia wake wa kuoga na kujistiri ungali na thamani. Kinachostahili kuongezwa ni kidogo. Kitambaa kifuliwe kwa sabuni, kisuuzwe hadi maji yawe meupe, kianikwe juani kikauke kabisa. Pasi ya moto isaidie wakati wa masika. Sehemu za ndani zisioshwe kwa kitu chochote, na nje maji matupu yanatosha. Muwasho unaorudi mwezi hata mwezi upelekwe kwa mganga wa hospitali, maana fangasi wana dawa yao na bakteria wana yao, na kukisia hurefusha mateso.

Kariakoo ya leo inajengwa ghorofa juu ya ghorofa, na nyua zinatoweka. Anayepanga chumba ghorofa ya nne hana uani wala migomba. Ana kibaraza chembamba kinachotazama barabara. Swali la mwali wa zamani limepanda naye ngazi: je, kitambaa chake kitapata nafasi juani bila mtu kugeuka kutazama?