Rubani mgeni nchini Kenya: leseni, viwanja na hatari za kuzingatia

Mtu aliyepata leseni ya rubani binafsi nchini mwake huenda akatamani kuitumia anapozuru nchi jirani: kuitazama Mara kutoka juu, kuukaribia Mlima Kenya kabla mawingu hayajaufunika, au kuufuata ufuo wa bahari kutoka Ukunda hadi Lamu. Kenya humruhusu mgeni kufanya hivyo, nayo ina mtandao mpana wa viwanja vidogo na marubani wengi wanaoruka kwa kujiburudisha. Makala haya yanaeleza mgeni aanzie wapi, aombe nini, na mambo gani yasiyosamehe uzembe.

Usajili wa ndege na leseni

Swali la kwanza ni hili: ndege atakayoirusha imesajiliwa wapi? Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria za kimataifa za usafiri wa anga, unataka rubani wa ndege inayovuka mipaka awe na leseni iliyotolewa au kuidhinishwa na nchi iliyoisajili ndege hiyo. Usajili hutambulika kwa herufi na tarakimu zilizoandikwa ubavuni: 5X ni Uganda, 5Y ni Kenya, 5H ni Tanzania, 9XR ni Rwanda, 9U ni Burundi na 9Q ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kwa hiyo, rubani mwenye leseni ya Uganda anayeondoka na ndege ya 5X anaweza kuingia Kenya kwa leseni yake hiyo, mradi ndege na nyaraka zake zimekamilika. Rubani huyo huyo akienda Nairobi kwa basi na kutaka kukodi ndege ya 5Y, hana budi kwanza kuomba idhini kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Maombi huambatana na leseni, cheti cha afya kisichokwisha muda na daftari la saa za kuruka, na mwombaji anaweza kutakiwa kufanya mtihani wa sheria za anga.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao makuu Entebbe, unaoshughulikia kuoanisha kanuni za nchi wanachama. Hata hivyo, mgeni asidhani kwamba leseni ya nchi moja inamruhusu moja kwa moja kurusha ndege ya nchi nyingine. Akiruka bila idhini anavunja sheria, na kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa ajali itakapotokea.

Mahali pa kuanzia

Kitovu cha ndege ndogo nchini Kenya ni kiwanja cha Wilson, Nairobi. Kilianza mwaka 1929, na tangu mwaka 1962 kinaitwa kwa jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways. Hapo ndipo lilipo jengo la Aero Club of East Africa, klabu iliyoundwa mwaka 1927. Kwa mgeni, klabu ya aina hiyo ina faida kuliko ramani yoyote: huko atakutana na marubani wanaojua kiwanja kipi kimeharibiwa na mvua, nani hukodisha ndege, na mwalimu yupi anaweza kuruka naye mara ya kwanza.

Kusini mwa jiji, katika kaunti ya Kajiado, upo uwanja binafsi wa Orly Airpark unaotumiwa na ndege ndogo. Kaskazini kuna Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Lakini kambi ya jeshi la anga ya Laikipia ipo karibu, hivyo ni lazima kujua mapema mipaka ya anga iliyozuiwa. Pwani kuna Ukunda kwa wanaokwenda Diani, Malindi, na Manda kwa wanaovuka kwa mashua kwenda mji wa Lamu. Ndani ya Masai Mara kuna viwanja kama Keekorok, Musiara na Olkiombo.

Viwanja vingi vya porini ni vya udongo au changarawe, na vingine vipo chini ya kaunti, hifadhi au watu binafsi. Kibali cha mwenye kiwanja huombwa kabla ya safari. Pia ni desturi kupita chini mara moja juu ya njia ya kutulia ili kuhakikisha hakuna pundamilia wala nyumbu waliosimama hapo.

Anayetoka nje ya nchi na ndege yake aondokee na kuingilia viwanja vyenye forodha na uhamiaji. Anayeanzia Kajjansi, kwa mfano, apange kwanza kupitia Entebbe. Kwa upande wa Kenya, Kisumu na Wilson ni miongoni mwa vituo vya kuingilia. Aulizie pia mafuta. Injini nyingi za ndege ndogo hutumia petroli maalumu ya ndege, ambayo haipatikani kila penye mafuta ya ndege kubwa za jeti.

Mwinuko, joto na mawingu

Rubani aliyezoea nchi za tambarare ajihadhari na mwinuko. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha kawaida, joto la mahali pa mwinuko huo lingekuwa takriban nyuzi 4 za Selsiasi. Mchana likifika nyuzi 26, hewa huwa nyepesi kana kwamba ndege iko kwenye futi 8,000. Injini hupoteza nguvu, ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili kuruka, na hupanda polepole. Ndege iliyobeba watu wanne kwa urahisi Mombasa huenda isiweze kuwabeba Nairobi saa nane mchana.

Magharibi mwa Wilson, kwenye njia ya kwenda Mara, kuna vilima vya Ngong vyenye kimo cha mita 2,460. Kati ya Juni na Agosti, mawingu ya chini huvifunika asubuhi nyingi. Busara ni kungoja yafunguke.

Anga la Wilson nalo lina msongamano. Tarehe 5 Machi 2024, Cessna 172 ya mafunzo iligongana na ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa imetoka kuruka hapo. Watu wawili waliokuwa ndani ya Cessna walifariki. Dash 8 ilirejea salama. Mgeni asiyezijua njia za kuingilia na kutokea afanye safari yake ya kwanza pamoja na mwalimu wa hapo.

Saa tatu zisizofanana

Kwa msemaji wa Kiswahili, kuna mtego wa saa. Mpango wa safari huandikwa kwa saa za UTC. Saa tatu asubuhi yetu ni 09:00 kwa saa ya Nairobi, na ni 06:00 kwa UTC. Rubani anayetarajia kufika saa tatu asubuhi akiandika 09:00, mnara utaelewa kwamba atafika saa sita mchana. Kwa kawaida, ndege isipoonekana kwa dakika 30 baada ya muda uliotajwa, wahusika huanza kuulizia iliko. Kosa hilo linaweza kuchelewesha msaada kwa saa tatu nzima.

Vilevile, anayetua porini pasipo mnara apige simu kuufunga mpango wake, la sivyo atatafutwa ilhali amekaa kivulini akinywa chai. Tena ahakikishe ametua mapema: Nairobi jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, na giza la ikweta halichelewi.