Jina la Mtunzi katika Hip-hop ya Awali
Mnamo mwaka 1979 kundi la Sugarhill Gang lilitoa santuri ya "Rapper's Delight", iliyoutangaza ughani wa vijana wa Bronx, New York, ulimwenguni. Baadhi ya beti alizozighani Big Bank Hank zilitungwa na Grandmaster Caz, ambaye hakutajwa miongoni mwa watunzi. Hata hivyo, Hank hakuliondoa jina la usanii la mwenziwe, Casanova Fly. Lilikuwa limetajwa herufi kwa herufi, na kina kimelishika. Msomaji wa tenzi za Kiswahili, ambamo mtunzi aghalabu hujitaja kwenye tamati, hatastaajabu. Desturi hiyo imedumu katika hip-hop, Bronx na hata Dar es Salaam. Mhakiki huenda akaiona kuwa majigambo matupu, ilhali kwa Caz ilibaki kuwa ushahidi.