Tiba ya Jeni ya Mapafu: Majaribio kwa Wanyama, Hukumu Yake, na Mgonjwa Aliyeko Moshi



Ndugu msomaji, familia ya visiwani inapompeleka mgonjwa wa kifua Bara, wakati mwingine safari huishia Moshi. Huko iko hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, na upande wa Siha iko Hospitali ya Kibong'oto. Mgonjwa akichoka na vidonge, hutokea mtu wa kumwambia kuwa siku hizi mapafu yanatibiwa kwa jeni. Tueleze jambo hili lilipofikia, na shari'ah inalitazamaje.

Kibong'oto na fundisho la simbilisi

Kibong'oto ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuua bakteria wa ugonjwa huu. Duniani kote tiba ilikuwa mapumziko, chakula kizuri na hewa safi, na ndiyo maana hospitali za namna hii zilipendelewa kujengwa milimani.

Mambo yalibadilika kwa streptomaisini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943. Kabla ya kupewa watu, ilijaribiwa kwa simbilisi, wanyama wadogo wa jamii ya panya, walioambukizwa kifua kikuu. Walipopata nafuu, ndipo wagonjwa wakapewa.

Kwa nini jeni haifiki kwa urahisi

Jeni ni maelekezo yaliyomo ndani ya chembe hai. Katika ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi, jeni moja ina kasoro, ute wa mapafu unakuwa mzito na maambukizi hayaishi. Jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 1989, na wengi walidhani tiba iko karibu: mgonjwa avutishwe jeni nzima kama mvuke, basi.

Lakini mapafu yameumbwa kuzuia kila kigeni. Matone makubwa hunasa kooni. Yanayofika ndani kabisa ni ya mikroni 1 hadi 5 tu, na mikroni 1,000 ndiyo milimita moja. Yakifika, hukutana na ute, vinyweleo vinavyousukuma nje, na chembe za kinga. Virusi vilivyodhoofishwa vilipotumika kubeba jeni, mwili ulivitambua, na dozi za baadaye zikapoteza nguvu.

Haya yalijulikana kwa kiasi kikubwa kupitia wanyama. Panya wenye kasoro hiyo hawakupata ugonjwa wa mapafu kama wa binadamu. Kwa hiyo mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitangaza nguruwe waliozalishwa wakiwa na kasoro hiyo. Uingereza walitumia kondoo, kwa kuwa ukubwa wa mapafu yao unakaribia wa mtu, wakawavutisha jeni iliyofungwa ndani ya mafuta badala ya virusi. Kisha wagonjwa zaidi ya 100 walishiriki katika jaribio: baadhi walipewa dawa hiyo na wengine kiigizo kisicho na dawa, mara moja kwa mwezi kwa mwaka mzima. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Uwezo wa kupumua ulitofautiana kwa asilimia 3.7 baina ya makundi mawili, kwa faida ya waliopata dawa. Ni hatua, lakini ndogo. Bado haijawa tiba ya kawaida hospitalini.

Shari'ah inasemaje

Majlisi ya Fiqhi ya Rabita, Makkah, katika kikao chake cha 15 mwaka 1419H (1998), iliruhusu kutumia elimu ya jeni kwa kinga na tiba, kwa sharti kwamba isilete madhara makubwa zaidi. Ilikataza kuitumia kwa uovu au kuchezea maumbile ya mwanadamu.

Ama wanyama, wao ni amana. Tunajua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Kwa hiyo jaribio liwe na haja ya kweli, na mnyama asiteswe pale njia nyingine inapotosha.

Wengine huuliza: dawa iliyojaribiwa kwa nguruwe, je, ni najisi? Kujaribiwa kwa nguruwe hakumaanishi kuwa dawa ina kitu cha nguruwe. Cha kuulizia ni kilichomo ndani ya dawa yenyewe. Muulize mfamasia, kisha mfikishie shekhe jibu lake.

Kwa mgonjwa wa leo

Kifua kikuu hakitokani na kasoro ya jeni hiyo. Kinaletwa na bakteria, na dawa za kuwaua zipo, bila malipo katika vituo vya serikali. Tiba ya kawaida ni miezi sita. Anayeiacha njiani kwa kuwa kikohozi kimetulia, au kwa kuahidiwa "dawa ya jeni" ya mtaani, anahatarisha nyumba nzima, kwani bakteria waliobaki huweza kuwa sugu. Kibong'oto imekuwa ikiwatibu wenye kifua kikuu sugu tangu mwaka 2009, na tiba yao ni nzito zaidi kuliko ile iliyoachwa.

Basi enyi wazazi na watoto, mkumbusheni mgonjwa wenu dozi yake kama mnavyomkumbusha swala. Kujitibu ni katika kuchukua sababu, na shifaa ni ya Allaah peke Yake. Tunamuomba Awaponye wagonjwa wetu, walioko visiwani na walioko mbali na nyumbani. Aamiin.

Wallaahu a'lam.