Mtetemo wa Kilomita 90

Kuna fadhaa moja ambayo wenye magari wengi wa kwetu Kagera wameionja tangu lami ilipotufikia. Unaondoka Bukoba mjini asubuhi, gari limeoshwa, abiria wamependeza. Umekwisha ipita Kemondo, unaelekea Muhutwe, na mahali barabara inaponyooka unakanyaga mafuta. Kwenye kilomita 80 kwa saa unahisi usukani ukikuwasha viganja. Kwenye 90 mikono yako inatetemeka kama ya mtu mwenye homa. Ukijipa moyo ukafika 105, mtetemo unapungua. Ukirudi 70, kimya kabisa, kana kwamba hapakuwa na neno.

Mimi fadhaa hiyo iliponipata nilikasirika. Gari langu lilikuwa kuukuu, lakini nilikuwa nimeliendesha miaka mingi kwenye vumbi la Muleba bila kulisikia likilalamika. Iweje lianze kuugua siku lilipopewa barabara nzuri? Swali hilo nililibeba kutoka fundi mmoja hadi mwingine. Wa kwanza alinibadilishia shokapu. Wa pili alikaza kila alichoweza kukikaza. Fedha zilikwenda, mtetemo ukabaki. Aliyenijibu hatimaye alikuwa mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori ya kahawa, na jibu lake halikuwa la fundi tu. Lilikuwa historia ya barabara zetu.

Ili nieleweke, msomaji, sina budi kurudi nyuma. Mkoa huu, ambao hadi mwaka 1979 uliitwa Ziwa Magharibi, haukubahatika kupata reli. Mlango wetu ulikuwa ziwa. Kahawa ya Buhaya ilishuka kutoka vijijini kwa vichwa, kwa baiskeli, kisha kwa malori, hata ikafika bandarini na kupakiwa melini. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kilipoundwa mwaka 1950, kazi ya kukusanya kahawa ilizidi kuwa kubwa, na dereva wa lori akawa mtu wa heshima zake. Lakini barabara zake zilikuwa za moramu, na moramu ina tabia moja ambayo kila aliyeipita anaijua: haichukui muda baada ya greda kupita kabla haijajipanga vijituta vilivyofuatana, kama migongo ya bati la kuezekea.

Watu wengi hudhani vijituta hivyo huletwa na springi za magari au na uzembe wa wajenzi. Sivyo. Mwaka 2007 wanasayansi Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walitangaza matokeo ya jaribio lao: waliviringisha gurudumu juu ya mchanga uliozunguka kama sahani ya santuri, wakaona vijituta vinatokea hata gurudumu likiwa halina springi yoyote. Yatosha tu kasi ivuke kiwango fulani, ambacho ni kidogo mno. Barabara ya udongo, basi, hujikunja yenyewe chini ya kila anayeharakisha.

Madereva wetu waliligundua dawa yake bila maabara. Ukipita vijituta kwa kilomita 30, gari linataka kuvunjika. Ukipita kwa 60 au 70, gurudumu halipati nafasi ya kushuka bondeni. Linaruka kutoka kilele hadi kilele na gari linatulia, ingawa breki na usukani navyo vinakuwa kama havipo. Wengi waliotumbukia kwenye mitaro ya Muleba walitumbukia wakiwa katika raha hiyo.

Kisha vikaja vita. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na daraja la Kyaka likavunjwa. Magari ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kupeleka askari na vyakula mstari wa mbele, na yule mzee alikwenda pamoja na lori lake. Vita vilipokwisha mwaka 1979 tuliambiwa tufunge mikanda, tukaifunga kweli. Vipuri vilikuwa adimu. Tairi lililopasuka lilitiwa ndani kipande cha tairi jingine, likashonwa, likarudi barabarani. Ringi iliyopinda ilinyooshwa kwa nyundo. Hakuna aliyeuliza kama gurudumu lile limesawazishwa uzito wake. Kwa nini aulize? Barabara ilikuwa ikitikisa kuliko gurudumu lolote.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka kwetu na kupakia tena Kemondo, ilizama ikiwa karibu kabisa na Mwanza, imejaa kupita kiasi. Msiba ule uliingia nyumba nyingi za Bukoba na Muleba. Tangu siku hiyo baadhi yetu tuliliogopa ziwa na kuichagua barabara, hata kama ilikuwa ndefu na ya vumbi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lami ilitoka Mutukula ikapita Bukoba hadi Muhutwe, na katika miaka iliyofuata ikasonga Kagoma, Muleba na kuendelea kusini. Tukaanza kukimbia. Na hapo ndipo magari yetu yalipoanza kutetemeka.

Nilimkuta mzee nyumbani kwake, chini ya migomba. "Shikamoo Mzee," nikamwambia, nikamweleza shida yangu. Hakuomba spana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, linatetemeka kwenye mwendo gani?" Nikamjibu. "Mikononi au kwenye kiti?" Mikononi. "Ukishika breki linazidi?" Haliongezeki. Tukaingia garini. Kwenye mteremko, likiwa kwenye 90, aliniambia niliweke fri, yaani nitoe gia. Injini ikashusha pumzi, lakini usukani ukaendelea kutetemeka vile vile.

"Basi injini haina kosa," akasema. Akanieleza kwa utaratibu kama mwalimu. Mtetemo unaofuata mwendo wa gari na si mvumo wa injini hutoka kwenye vinavyozunguka pamoja na barabara: tairi, ringi, ekseli, propela. Ukiwa kwenye usukani, anza na magurudumu ya mbele. Ukiwa kwenye kiti na sakafu, tazama ya nyuma. Ukiwa mwepesi kama mvumo wa nyuki, shuku propela na krosi zake, maana propela huzunguka mara kadhaa kila gurudumu linapozunguka mara moja. Ukija wakati wa breki peke yake, tazama diski na ngoma za breki.

Tuliyahamisha magurudumu ya mbele nyuma, na ya nyuma mbele, tukarudi barabarani. Mikono yangu ikatulia. Kiti kikaanza kutikisika. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na gurudumu. Mzee akayafungua yale mawili, akapitisha vidole upande wa ndani wa ringi, akacheka. Kwenye moja palikuwa na bonge la tope la kijijini kwetu, limekauka likawa gumu kama tofali. Alilibandua kwa bisibisi. Tulipojaribu tena, 90 ilikuwa tulivu.

Baadaye nilikaa na karatasi nikapiga hesabu. Gurudumu la gari dogo lina mzingo wa karibu mita 2. Kwa kilomita 90 kwa saa linazunguka zaidi ya mara 12 kwa sekunde. Tope la gramu 30 tu kwenye ukingo wa ringi, kwa mwendo huo, huvuta kwa nguvu ya kilo 3 na nusu hivi, huku na huku, mara 12 kila sekunde. Kwa kilomita 45 nguvu hiyo ni robo tu, nani ataisikia? Tena magurudumu na ekseli za magari mengi zina pigo lake la asili, kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Likisukumwa kwa pigo hilo hilo, hutikisika sana, kama bembea isukumwayo kwa wakati wake. Ukilipita pigo, hutulia. Nikakumbuka vijituta vya moramu: vikiwa na nafasi ya sentimita 75, ukivipita kwa kilomita 30 vinakupiga mara 11 kwa sekunde. Kumbe pigo ni lile lile! Tulilijua zamani kwenye 30. Lami ilituonyesha tena kwenye 90.

Ningeweza kuishia hapo, kama si jioni moja iliyofuata. Nilikuwa nampeleka mama hospitali ya Rubya, anapumua kwa shida. Mchana ule nilikuwa nimezibiwa pancha. Kwenye kilomita 40 gari likaanza kucheza, polepole, kwa mdundo mzito. Nilijiambia ni tope tu. Mama alikuwa akikoroma pumzi, na kila dakika ilikuwa na thamani. Lakini maneno ya mzee yalinijia: mtetemo wa uzito usio sawa huchagua mwendo wake na kukaa hapo, unaoanza chini na kuzidi kila kilomita, simama, hata kama umebeba mfalme.

Nilisimama. Kwa mwanga wa tochi niliona gurudumu la mbele kushoto limebaki na nati mbili, nazo zinazungushika kwa vidole. Nilitoa nati moja moja kwenye magurudumu mengine, nikakaza zote, tukaendelea. Mama alifika. Alipona, akaishi miaka mingine mingi, na hakujua kamwe kwa nini mwanawe alisimama gizani huku yeye akihangaika.

Mzee yule amekwisha tangulia mbele ya haki. Hata leo, kabla ya safari, napitisha vidole ndani ya ringi, kisha nakaza nati, moja baada ya moja. Na gari likitetemeka, sikimbilii kuongeza mwendo ili nilipite pigo, ingawa najua litatulia. Naanza na swali lake: ni kwenye mwendo gani?