Je, theluji inaweza kuanguka Usambara? Mvua ya mawe, barafu ya asubuhi na jiko la mkaa wakati wa kipupwe

Kila kipupwe kinapoanza, simu ya studio hujaa picha. Mara ni bustani iliyoamka nyeupe, mara ni video ya barabara iliyofunikwa na kitu kama unga, imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp bila kusema imepigwa wapi. Swali huwa ni lile lile: je, hii ni theluji, na itafika kwetu Bungu?

Jibu fupi ni hapana. Milima yetu haina urefu wa kutosha. Lakini barafu ya aina nyingine mbili hufika milimani, moja ikitoka angani na nyingine ikiganda hapa hapa chini, na kila moja ina wakati wake na dalili zake. Kuna pia jambo la tatu ambalo lenyewe si barafu, ila baridi ndiyo hulileta ndani ya nyumba. Hilo ndilo linalonifanya niandike makala hii kwa kirefu.

Kwanza tuanze na theluji yenyewe. Ukipanda mlima, kila mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mji wa Lushoto uko mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na vilele vya juu kabisa vya Usambara Magharibi havifiki mita 2,400. Chukulia usiku wa Julai ambao kipimo mjini Lushoto kimeshuka hadi nyuzi 10. Kule kileleni, karibu mita 900 juu zaidi, bado kutakuwa na nyuzi 4 au 5, na ili theluji itue bila kuyeyuka hewa inatakiwa iwe karibu na sifuri. Kwenye ukanda wetu wa ikweta hewa ya namna hiyo ipo juu sana, kwenye mita 4,500 hadi 5,000. Ndiyo maana Kilimanjaro yenye mita 5,895 ina theluji, Mlima Kenya na Ruwenzori pia, na Meru yenye mita 4,566 huamka nyeupe mara moja moja. Sisi tuko nusu ya njia.

Hata hiyo ya Kilimanjaro ilikuwa na wabishi wake. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona Mei 1848, na mwongozaji wake hakuwa na jina la kitu kile, alikiita baridi tu. Habari zilipofika Uingereza, mtaalamu mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, alibisha kwa miaka kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka huo huo mwenzake Rebmann, Ludwig Krapf, alikuwa huku kwetu Shambaai kwa mfalme Kimweri. Leo mambo yamegeuka: tangu 1912 hadi miaka ya 2000 eneo la barafu ya Kilimanjaro lilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kwa hiyo mwenye kungoja theluji ishuke hadi Usambara ajue kwamba inazidi kupanda.

Mvua ya mawe

Nyingi ya zile video za "theluji" ni mvua ya mawe. Septemba 2008 karibu na Nyahururu, nchini Kenya, mvua ya mawe iliangusha barafu nyingi mpaka mlima mzima ukawa mweupe. Watu walitoka kuishika na kuchezea kitu ambacho wengi hawakuwahi kukiona, wakiamini ni theluji.

Tofauti ni rahisi kuijua. Theluji huelea ikishuka polepole kama manyoya ya kuku, na huhitaji baridi mpaka chini. Mvua ya mawe huja kwa kishindo, punje moja moja ngumu, na inaweza kuja siku ya joto kali. Tena joto ndilo huileta. Jua likiipasha ardhi, hewa yenye unyevu hupanda kwa nguvu na kujenga wingu refu, zaidi ya kilomita 10 kwenda juu. Kule juu matone huganda. Upepo unaopanda huyazuia yasianguke, maji mengine huyagandia, na punje huzidi kunenepa mpaka upepo unashindwa kuzibeba. Hapo huanguka kwa kasi na kufika chini kabla hazijayeyuka.

Kwa hiyo usiitafute mvua ya mawe katikati ya kipupwe. Iangalie zaidi masika yanapoanza, Machi, na vuli inapoanza, Oktoba na Novemba. Mara nyingi asubuhi huwa na joto lililotulia, mchana wingu jeusi linasimama kama ukuta, kisha ghafla upepo wa baridi unashuka. Ukiusikia upepo huo ukiwa shambani, una dakika chache tu.

Anayedhani ni ya kuharibu kabichi peke yake akumbuke Mwakata. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe yenye upepo mkali iliipiga Mwakata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Watu zaidi ya 40 walikufa. Nyumba nyingi za udongo ziliwaangukia watu waliokuwa ndani.

Hapa panahitaji kufikiriwa vizuri, kwa sababu tumezoea kusema "kimbilia ndani". Ndani ndiyo sehemu sahihi, mradi nyumba ni imara. Kama una nyumba ya matofali ya kuchoma au ya bloku na jikoni ni pa udongo, watoto wahamie kwenye ile imara mara wingu linapojengeka, wasingoje mabati yaanze kulia. Kaeni mbali na madirisha. Usikimbilie chini ya mti: matawi hukatika, na radi hutembea na mawingu haya haya. Ikikukuta njiani na hakuna nyumba, kinga kichwa kwa kitu kigumu kisicho cha chuma, kama beseni au ndoo ya plastiki, na jembe liache chini.

Mvua ikiisha, zunguka nyumba kabla ya kurudi kulala. Ukuta wa udongo uliolowa hauanguki lazima wakati wa mvua. Unaweza kusubiri mpaka usiku wa manane. Ukiona ufa mpya au ukuta umetoa tumbo, familia ikalale kwa jirani. Na kwa walio kwenye mteremko, barafu iliyolundikana huziba mifereji, maji yakakata njia nyingine juu ya nyumba. Zibueni mapema.

Shambani, haraka nyingi huharibu. Nimewahi kusikia watu waking'oa maharage na viazi mviringo asubuhi yake kwa sababu shamba linaonekana limekufa. Subiri wiki moja. Kiazi ambacho shina lake bado lipo kinaweza kutoa majani mapya. Kilichofunuliwa na maji kipandishie udongo, kisije kikawa kijani kwa jua. Hatari kubwa inayofuata ni ugonjwa, kwani kila jeraha la jani ni mlango, na ukungu wa viazi na nyanya hupenda unyevu kama huo. Muone afisa ugani akuambie dawa gani na kipimo gani, kabla mabaka hayajaenea. Kabichi iliyopasuliwa kichwa haingoji: ipike au iuze mapema, itaoza. Chai ina nafuu kidogo, hutoa machipukizi tena, ila mchumo mmoja au miwili umekwenda.

Barafu ya asubuhi

Hii vitabu huiita sakitu. Wengi husema tu kwamba baridi imechoma mazao. Haianguki kutoka popote. Ni unyevu wa hewa unaoganda juu ya majani.

Watu hushangaa kwamba usiku wa mawingu na manyunyu, ule ambao Bungu tunalala na ukungu mpaka mlangoni, si usiku wa barafu. Wingu ni blanketi: joto linalotoka ardhini hulirudisha chini. Usiku wa kuogopa ni ule mzuri, wenye nyota nyingi, hewa kavu na upepo uliotulia. Ardhi hupoteza joto bila kizuizi, na jani linaweza kuwa baridi kuliko hewa iliyo usawa wa kichwa chako kwa nyuzi kadhaa. Ndiyo maana kipimo kinaweza kusoma nyuzi 2 au 3 na nyanya ikafa.

Kisha hewa ya baridi ni nzito. Hutiririka kwenye mteremko kama maji na kutuama bondeni. Shamba la bondeni likaungua, na la mita 50 juu yake likabaki zima, na wenyewe wakaanza kutazamana vibaya. Hakuna mkono wa mtu hapo. Ni hewa imetuama.

Kwa Bungu, upepo wa kusi unaotoka baharini hutuletea mawingu mengi, hivyo tuna kinga ambayo mabonde ya juu na makavu zaidi hayana. Wenye kujua barafu hasa ni wa Makete, Njombe na uwanda wa Kitulo, ambako Juni na Julai kipimo hushuka chini ya sifuri. Lakini ukilima bonde lililo juu, fanya hivi. Mwagilia jioni, kwani udongo wenye maji hutunza joto la mchana kuliko udongo mkavu. Kitalu kifunike kwa nyasi juu ya fito kabla giza halijaingia, na asubuhi jua likitoka kifunue. Nyanya, maharage na viazi vipeleke mteremkoni kipindi hicho, na bondeni panda kabichi, karoti au njegere, ambazo huvumilia. Moshi wa kuchoma majani hausaidii sana, maana moshi si wingu.

Jiko la mkaa chumbani

Sasa lile la tatu. Usiku wa kipupwe nyumba nyingi huingiza jiko la mkaa chumbani, mlango ukafungwa, na nguo zikazibwa chini ya mlango ili baridi isipite. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Wengi huamini kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi umekwisha, jiko ni salama. Si kweli. Moshi umekwisha, hewa ya sumu bado inatoka, mpaka majivu yapoe.

Hewa hiyo huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, dalili ambazo ni rahisi kudhani ni malaria au mafua. Tofauti moja ya kukusaidia: wakiumwa kichwa watu wote wa chumba kimoja usiku mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, shuku jiko. Aliyelala hapati nafasi ya kushuku.

Pasheni nyumba moto mlango na dirisha vikiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabla mtu wa kwanza hajalala. Lisiachwe ukumbini. Badala yake jaza maji ya moto kwenye chupa inayofungwa vizuri, izungushie kitambaa, iweke miguuni. Mtoto mchanga alale karibu na mwili wa mama, amevaa kofia na soksi. Wazee waongezewe nguo nyepesi nyingi kuliko blanketi moja zito. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua milango, mtoe nje kwenye hewa safi, na mpeleke hospitali hata kama amezinduka. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana bure kwa namba 114.

Hili si la masikini wala la Afrika tu. Februari 2021 baridi isiyo ya kawaida na theluji viliikumba Texas, jimbo la Marekani lililozoea joto. Umeme ulikatika kwa mamilioni ya watu. Baadhi waliingiza majiko ya mkaa ndani, wengine wakawasha jenereta na magari kwenye vyumba vilivyofungwa, na wapo waliokufa kwa hewa hiyo hiyo, sio kwa theluji.

Wasikilizaji huuliza pia: kama dunia inazidi kuwa na joto, mbona theluji kubwa bado inaanguka huko Ulaya na Marekani? Hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, kama asilimia 7 kwa kila nyuzi moja. Panapokuwa na baridi ya kutosha, mvuke huo hushuka kama theluji nyingi. Pasipokuwa nayo, hushuka kama mvua kubwa. Kwetu ni hiyo ya pili.

Utabiri usomeje?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa mwelekeo wa kipupwe kwa miezi ya Juni hadi Agosti, na tahadhari za siku chache kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Mvua ya mawe ya kijiji kimoja ni vigumu kutabiriwa siku moja kabla. Ukisikia tahadhari ya mvua kubwa kwa mkoa wa Tanga, ihesabu na mawe ndani yake.

Angalia pia kwamba Tanga husomwa pamoja na ukanda wa pwani ya kaskazini, na nyuzi zinazotangazwa za Tanga mjini ni za usawa wa bahari. Sio zako. Kwa mwenye kukaa mita 1,400 kama Lushoto mjini, toa nyuzi 8: ukisikia usiku wa Tanga utakuwa na nyuzi 20, wewe jiandae kwa 12. Mwenye kukaa juu zaidi atoe nyingine 3 kwa kila mita 500, na kama mbingu ni nyeupe kwa nyota, afunike kitalu.