Dandora ilipimwa kwa damu ya watoto

Wasee, kwa magome ya miti kuna kitu wengi wetu hupita bila kukiona. Ni utando wa kijivu, umejikunja kama rangi inayobanduka ukutani. Unaitwa likeni. Si mmea. Ni kuvu na mwani wanaoishi nyumba moja, na hiyo nyumba haina mizizi, kwa hivyo inakula kile hewa inaleta. Hewa ikileta sumu, inakula sumu.

Hii si habari mpya. Mwaka wa 1866 William Nylander aliona likeni zimestawi kwa bustani ya Luxembourg, Paris, na sehemu zingine za mji hazipo. Akasema zinaweza kutumika kupima usafi wa hewa. Baadaye watu wakagundua zinahifadhi pia madini mazito kama risasi, kwa hivyo unachukua kipande, unakipeleka maabara, unajua mtaa unavuta nini. Na zingine zina ujanja: zinafunga hayo madini kwa kuta za seli, ama zinayageuza chumvi ngumu, yasifike ndani.

Mtoto hana huo ujanja.

Sasa njoo Eastlands. Dampo ya Dandora ilifunguliwa 1975 kwa pesa za Benki ya Dunia, kwa shimo la machimbo ya mawe, Mto Nairobi ukipita kando. Mwaka huo huo, Benki hiyo hiyo ilikuwa inafadhili mradi wa ploti za makao Dandora. Yaani nyumba na takataka zilikuja pamoja, na mimi huwa sielewi mtu anasema eti watu ndio walifuata dampo. Ikafika 2001 ikatangazwa kujaa. Malori ya kanjo hayakuacha kuingia. Betri, rangi, vyuma vya elektroniki, vyote vikichomwa, na moshi ukienda Korogocho. Ongeza petroli yenye risasi, ambayo Kenya iliiacha mwisho wa 2005 tu.

Miaka 32 baada ya kufunguliwa, 2007, UNEP ikatoa ripoti. UNEP wako Gigiri, mji huu huu, matatu mbili tu. Walipima watoto 328 wa miaka 2 hadi 18 wanaoishi karibu na dampo. Nusu walikuwa na risasi kwa damu ya maikrogramu 10 kwa desilita ama zaidi. Asilimia 42 ya sampuli za udongo zilikuwa na risasi karibu mara 10 ya udongo safi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inagusa ubongo ukiwa bado unakua.

Sina shida na waliopima. Bila wao tungekuwa tunabishana bado. Shida yangu ni hiyo miaka 32. Njia ya kusoma hewa kutoka kwa gome la mti ilikuwa na zaidi ya miaka 100 dampo ikifunguliwa, na ni bei rahisi. Lakini ushahidi ulioaminika ni ule ulitolewa kwa mshipa wa mtoto, na hata huo haukufunga geti. Malori bado yanaingia.

Yule mdogo kabisa kwa hiyo ripoti, wa miaka 2, saa hii ni rika letu, anatafuta kazi.